Mazungumzo yanasikika, muziki upo, mbona filamu bado ni bubu?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kuhariri filamu yangu ya kwanza, ya dakika 18. Picha zinapendeza, mazungumzo yanasikika, na muziki nimeuweka karibu kila mahali. Hata hivyo, kila anayeitazama ananiambia kuna kitu kinapungua, na mmoja alisema waigizaji wangu wanaongea kama wamo ndani ya chupa. Sini ninayoitegemea ni hii: mama anaosha vyombo jikoni, simu inaita, anapokea, anaambiwa mwanawe amepata ajali. Nimeweka muziki wa huzuni lakini haimgusi mtu. Naomba kujua sauti ya filamu ina sehemu zipi, nianzie wapi, na je, sauti iliyorekodiwa vibaya inaokoleka?

JIBU

Marahaba, na hongera kwa kuifikisha filamu mwisho. Huyo aliyesema waigizaji wako wamo ndani ya chupa amekusaidia kuliko wote waliosifu picha, kwa hiyo tuanze na maneno yake. Tatizo analolisikia huwa na sababu mbili, na zote ni za kiufundi.

Ya kwanza ni mapengo. Fungua treki ya mazungumzo, yaani ule mstari wa sauti kwenye programu ya kuhariria, uitazame. Nadhani utaona vipande vya sauti vimekatwa pale tu mtu anapofungua mdomo na pale anapoufunga, na katikati hamna kitu. Mhusika anaongea, chumba kizima kinasikika nyuma yake. Ananyamaza, chumba kinakufa. Wa pili anajibu, chumba kinafufuka. Mtazamaji hawezi kukueleza kinachomsumbua, lakini anasumbuka, maana hajawahi kuishi mahali penye ukimya wa namna hiyo. Kila chumba kina sauti yake hata kikiwa kitupu: hewa inayopita, mvumo wa umeme, barabara iliyo mbali, kuta zinazorudisha hayo yote. Mafundi wa sauti huirekodi kwa makusudi. Baada ya kupiga sini, watu wote husimama kimya palepale walipo kwa sekunde 30 hadi dakika nzima, maikrofoni ikiwa haijasogezwa, na kinachonaswa ndicho kinachotandikwa baadaye chini ya mazungumzo mwanzo hadi mwisho.

Kama hukuirekodi, itafute kwenye mabaki: ile sekunde moja au mbili kabla mwongozaji hajatoa amri ya kuanza, pale mhusika anapofikiri kabla ya kujibu, mwisho wa kila teki, yaani kila mara mliporudia kupiga sini. Unganisha vipande hivyo, kimoja kikififia huku kingine kikipanda. Hakikisha hakuna mlio mdogo unaotambulika ndani yake, kwa sababu kipande chenye kikohozi cha mbali ukikirudia mara nne, mtazamaji atakisikia mara nne.

Sababu ya pili ni umbali. Sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu, lakini mwangwi wa chumba hubaki karibu uleule popote utakapoiweka maikrofoni. Kwa hiyo maikrofoni iliyokaa juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa mwigizaji, inakupa chumba kingi na mtu kidogo. Kupandisha sauti hakusaidii, kwa kuwa unapandisha vyote viwili. Ndiyo maana mshika bumu, ule mti mrefu unaobeba maikrofoni, huchosha mikono yake kuiweka maikrofoni karibu kabisa na ukingo wa picha.

Lakini kuziba mapengo kutaifanya filamu isikike safi tu. Uhai ni jambo jingine, na hapo naomba ukae nami kidogo.

Sikio la binadamu huchagua. Katikati ya watu wengi wanaoongea unaweza kumfuata mmoja anayenong'ona, na jina lako likitajwa upande wa pili, unageuka. Maikrofoni haina uwezo huo. Inanasa kila kinachoifikia. Kazi yote ya sauti baada ya upigaji picha ni kumfanyia mtazamaji ule uchaguzi ambao maikrofoni haikuufanya. Kwa hiyo kabla ya kutafuta milio, na kabla ya kugusa muziki, iulize kila sini swali hili: nani anasikia, na kwa wakati huu anasikia nini kuliko vingine?

Wazo hili lina umri karibu sawa na filamu zenye sauti. Mwaka 1929 Alfred Hitchcock alitengeneza Blackmail, miongoni mwa filamu za kwanza za mazungumzo nchini Uingereza. Msichana aliyeua mtu kwa kisu usiku uliopita amekaa mezani na wazazi wake, huku jirani akipiga soga kuhusu mauaji hayo. Polepole maneno ya jirani yanageuka mvumo usioeleweka, isipokuwa neno moja, kisu, ambalo linatoka wazi kila linapotajwa. Ndani ya chumba hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni usikivu wa msichana, nasi tumeingizwa ndani yake. Vyombo vya kurekodia vya wakati ule vilikuwa duni mno ukilinganisha na kompyuta uliyo nayo, lakini uamuzi ulikuwa wa mtu, na uamuzi huo ungali unafanya kazi leo.

Sasa twende jikoni kwa yule mama. Muziki wako wa huzuni unaanza lini? Kama unaanza simu inapoita, umeshampa mtazamaji habari ambayo mama mwenyewe hajaipata. Mtazamaji anakaa akimngojea mama afike mahali ambapo yeye alishafika, na anayengojea hawezi kushtuka. Mimi ningeuondoa muziki wote kwenye sini hii, nikaijenga hivi.

Mwanzoni tunasikia jikoni kama anavyolisikia mtu ambaye mikono yake inafanya kazi na mawazo yake yako kwingine: maji ya bomba, sahani zikigusana, friji, redio ya chumba cha pili ambayo haieleweki inasema nini. Ni sauti za kawaida, zimejaa pande zote, na hakuna hata moja inayojitokeza. Chini ya bomba mama ametega chombo kirefu, jagi kwa mfano, lijae. Maji yakipanda ndani ya chombo cha namna hiyo, nafasi ya hewa hupungua, na mlio wake hupanda kidogokidogo. Sikio la mtazamaji hufuata mlio huo bila kuambiwa, na huanza kungoja. Umepata kitu kinachohesabu muda bila kuonyesha saa ukutani.

Simu inaita. Mama anapokea kwa mkono wenye maji. Usimpe mtazamaji maneno ya anayepiga. Simu za kawaida kwa miaka mingi zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 hivi (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde; ikiwa ndogo sauti ni nzito, ikiwa kubwa ni nyembamba), na masikio yetu yameuzoea wembamba huo. Kwa hiyo chukua sauti ya msemaji, kata kila kilicho nje ya masafa hayo, kisha uishushe hadi ibaki mkwaruzo ambao tunajua ni mtu anaongea ila hatupati neno. Tutalazimika kuusoma uso wa mama. Kisha ondoa vitu kimoja baada ya kingine: redio kwanza, halafu barabara ya nje, halafu friji. Tumia sekunde kadhaa kwa kila kimoja ili mtazamaji asikushike unafanya hila. Mwisho yabaki maji peke yake, nalo jagi limejaa, yanamwagika. Yaache yamwagike kwa muda mrefu kuliko unaoona unafaa. Bomba likifungwa, ndipo ukimya wako ufike, juu ya ile sauti nyembamba ya chumba tuliyoizungumzia mwanzo. Usiifute hata hapo. Ukimya wa filamu hutengenezwa kwa kutofautisha na kilichotangulia, na treki iliyofutwa kabisa humfanya mtazamaji adhani spika zimekufa.

Kila sauti niliyoitaja ilikuwamo jikoni tangu mwanzo. Muziki kama unautaka, uingie sini inayofuata, mama akiwa njiani.

Kuhusu sehemu za sauti: wewe umetaja mbili, mazungumzo na muziki, lakini hiyo sini tumeijenga karibu yote kwa zile ambazo hukuzitaja.

Maji, sahani, kitambaa na nyayo ni kazi ya foli. Jina limetokana na Jack Foley wa studio ya Universal, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu bubu zilipokuwa zinaondoka, alianza na wenzake kutengeneza sauti za vitendo huku wakiitazama picha ikipita kwenye skrini. Mpaka leo kazi inafanywa hivyo: msanii wa foli anasimama mbele ya picha, mhusika anatembea naye anatembea, mhusika anaweka kikombe mezani naye anaweka. Studio hurekodi nyayo peke yake, mavazi peke yake, na vitu vinavyoshikwa peke yake. Inafanywa kwa sababu maikrofoni siku ya kupiga picha ilielekezwa mdomoni, si kwenye sahani, na hata pale iliponasa sahani, ilizinasa zikiwa juu ya maneno.

Nakusihi usiuone mchezo huu kuwa anasa ya studio kubwa. Unahitaji chumba chenye mapazia, magodoro na nguo nyingi za kumeza mwangwi, maikrofoni moja, na subira. Na ufanye kama mwigizaji. Nyayo za mtu aliyechoka hazitofautiani na za mwenye furaha kwa kasi tu. Kisigino kinaburuta, uzito unachelewa kuhama. Sehemu ambayo wanaoanza huiruka kabisa ni mavazi. Ule mchakacho wa nguo mtu anapoinua mkono, ukiwekwa chini sana kiasi kwamba ukiuondoa ndipo unapogundua ulikuwapo, ndio unaomtoa mhusika kwenye skrini na kumpa mwili. Kwa filamu yako ningeanza na huo na nyayo.

Kuhusu nyayo, Walter Murch, mmoja wa watu walioipa kazi hii heshima iliyo nayo, aligundua jambo alipokuwa akiweka nyayo za roboti katika THX 1138, iliyotoka mwaka 1971. Mtu mmoja akitembea, kila hatua lazima ilingane na picha. Wawili vilevile. Wakifika watatu, sikio linaacha kufuatilia mguu wa nani ni upi, linasikia kundi linatembea, na kulingana hakuna haja tena. Kwa hiyo ile sini yenye watu wengi uliyokuwa unaiogopa ni rahisi kuliko ya mtu mmoja kwenye korido.

Milio ni kundi jingine: mlango, gari, simu, kioo kinachovunjika. Mara chache huwa kitu kimoja. Mlango unaofungwa kwa hasira una kitasa, una ubao, una fremu inayotikisika, una chumba kinachopokea kishindo. Ukiviweka kila kimoja kwenye treki yake unaweza kuamua ni hasira kiasi gani. Wala si lazima chanzo kiwe cha kweli. Hatua juu ya theluji zimerekodiwa miaka na miaka kwa kubana mfuko wa ngozi uliojazwa wanga wa mahindi, na theluji yenyewe mara nyingi haisikiki vizuri hivyo. Usijihukumu kwa kudanganya chanzo. Jihukumu mlio ukikosa kumwaminisha mtazamaji.

Kulinganisha na picha kunadai uangalifu. Kwa kasi ya fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 42 hivi. Vipimo vilivyowekwa na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, vinaonyesha kwamba watu huanza kugundua sauti iliyotangulia picha kwa takriban milisekunde 45, yaani fremu moja tu, lakini iliyochelewa huigundua inapofika takriban milisekunde 125, fremu tatu. Ni haki kabisa: hakuna sauti inayotufikia kabla ya mwanga. Ukiwa na mashaka, acha mlio uchelewe fremu moja, usiutangulize.

Mlio pia unaweza kusema kilicho moyoni mwa mtu. Katika The Godfather ya mwaka 1972, Michael Corleone amekaa mgahawani na watu wawili anaotaka kuwaua, bastola anayo. Wanaongea, kamera iko usoni kwake, na mlio wa treni inayosaga reli unapanda mpaka unameza mazungumzo. Treni hatuioni wakati wowote; tunaweza kuamini tu kwamba inapita karibu na jengo. Hakuna anayejiuliza iko wapi, kwa sababu kila mtu anajua ule msago uko kichwani mwa Michael. Muziki unaingia baada ya risasi, anapoitupa bastola. Murch ndiye aliyeiweka treni hiyo, na mimi huwaomba wote ninaowafundisha waisikilize sini hiyo wakiwa wamefumba macho.

Sauti za mazingira ndizo nadhani filamu yako inazikosa kuliko zote. Hizi ni zile za mahali kwa upana wake: upepo, wadudu, mvua, watu wa mbali, mitambo. Zina kazi mbili. Moja inajulikana, ya kutuambia tuko wapi na ni saa ngapi. Ya pili ndiyo inayookoa wahariri: zinashona mikato. Kamera ikiruka kutoka uso huu kwenda uso ule, picha imekatika, lakini mvua ikiendelea bila kukatika, akili inakubali kwamba bado tupo mahali pamoja. Kwa hiyo usikate mazingira pamoja na picha ndani ya sini moja. Yapitishe mfululizo, yabadilike mahali panapobadilika. Na hata hapo jaribu kuileta sauti ya mahali papya sekunde moja kabla ya picha yake, au kuiacha ya zamani ivuke kidogo. Filamu huanza kutiririka. Yajenge kwa tabaka: tandiko la mbali lisilo na tukio lolote, juu yake vitu vya wastani, kisha kitu kimoja kimoja cha karibu, mbwa hapa, baiskeli pale. Hivyo vya karibu viweke katikati ya maneno, kamwe si juu yake, na uviweke pale vinapomhusu anayesikia. Mtu anayengoja mgeni husikia kila gari. Mtu aliyelala na hatia husikia saa.

Muziki sitauzungumzia sana kwa sababu tayari unao mwingi. Kwa sasa umekuwa zulia la kufunika mashimo. Mashimo yakizibwa kwa mazingira na foli, utashangaa ni sehemu chache kiasi gani bado zinauhitaji. Uzime wote, tazama filamu, kisha uurudishe pale tu ambapo sini imeomba. Uanzishe baadaye kuliko unavyotaka.

Kuokoa sauti mbovu: inategemea imeharibikaje. Mvumo wa umeme ni wa hezi 50 au 60, kulingana na umeme wa mahali, pamoja na vizidisho vyake (mara mbili yake, mara tatu, na kuendelea), na kwa kuwa mahali pake panajulikana, huondoka vizuri. Mshindo wa chini wa upepo mwepesi na magari ya mbali hupungua ukikata kila kilicho chini ya hezi 80 kwenye mazungumzo. Kelele isiyobadilika, ya feni au kiyoyozi, hupunguzwa kwa plagini za kusafisha, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya ile ya kuhariria. Lakini zitumie kwa unyenyekevu. Ukitaka kelele iishe yote, sauti ya mtu inabaki kama inatoka chini ya maji, na kelele ya kawaida ni bora mara kumi kuliko ugonjwa huo. Ipunguze kiasi, ilingane teki hadi teki, halafu tandaza mazingira juu yake. Kelele iliyosalia itajificha humo. Sauti iliyogonga kilele ikapasuka hurekebika kwa sehemu tu. Mwangwi mwingi na upepo mkali uliopiga maikrofoni moja kwa moja ni vigumu sana kuviondoa.

Kabla ya kukata tamaa, rudi kwenye teki ambazo hukuzitumia. Mara nyingi neno lililoharibika hapa lilisemwa vizuri kule, na unaweza kulichukua neno hilo, hata silabi, ukaliweka mdomoni mwa picha uliyoichagua. Hii ni kazi ya kila siku ya mhariri wa mazungumzo, na ni ya kuvutia kuliko watu wanavyodhani.

Likishindikana, mwite mwigizaji arudie maneno huku akijitazama. Mpe milio mitatu mifupi yenye nafasi sawa, aanze kusema pale ambapo wa nne ungelia. Tumia maikrofoni ileile uliyotumia siku ya kupiga picha ukiweza, na kwa umbali unaofanana, kwa kuwa maikrofoni ya kifuani iliyofichwa ndani ya nguo na bumu iliyo juu ya kichwa haziwezi kulinganishwa kirahisi. Mwigizaji asimame kama alikuwa amesimama. Kama alikuwa anabeba mzigo, abebe kitu. Kisha mpe mwangwi wa chumba kile. Ukiweza kurudi mahali penyewe, piga kofi moja kubwa au upasue puto, urekodi jinsi chumba kinavyojibu, na plagini za mwangwi zitaweza kukijenga upya kutokana na hapo. Safari nyingine, mwigizaji akiwa bado na mavazi na hisia zile, mwombe aseme maneno magumu tena bila kamera, maikrofoni ikiwa karibu. Dakika tano hizo zinakuepusha na haya yote.

Sasa mpangilio wa kazi. Kwanza ifunge picha. Fremu moja ukiiongeza baadaye, kila kitu kinahama. Itazame filamu nzima ukiwa na daftari, sini kwa sini, ukijibu lile swali la nani anasikia. Halafu safisha mazungumzo na uyatandikie sauti ya chumba. Mazingira yafuate, kisha foli na milio, muziki mwisho. Weka programu yako irekodi na kuhifadhi sauti kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli, ndicho kipimo cha kawaida cha filamu. Muziki mwingi uliotengenezwa kwa ajili ya kusikilizwa ni wa 44,100, ubadilishe vizuri unapouingiza.

Katika kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote pamoja, mazungumzo ndiyo yanayowekwa kwanza, na mengine yote yanapimwa kwayo. Irabu ndizo zenye nguvu lakini konsonanti ndizo zenye maana, nazo ziko zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000 na kuendelea juu kwa s na f. Muziki au maji yakikaa humohumo, maneno yatazama hata ukiyapandisha. Punguza masafa hayo kwenye muziki kwa desibeli mbili tatu badala ya kushindana. Jambo moja ambalo hupuuzwa na kila anayefanya kazi nyumbani: chagua kiwango cha spika, kiwekee alama, usikiguse tena. Kumbi za sinema hupimwa ili kila spika kuu itoe desibeli 85 kwa ishara maalumu ya majaribio. Chumba kidogo kinahitaji chini ya hapo. Sababu ya kutokigusa ni kwamba sikio hubadilika. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo tunapoteza besi mapema kuliko masafa ya kati, kwa hiyo aliyemiksi leo kwa sauti kubwa na kesho kwa sauti ndogo amemiksi filamu mbili.

Ukimaliza, pima ukubwa wa sauti kwa LUFS, kipimo cha jinsi sikio linavyousikia ukubwa wa sauti ya filamu nzima. Televisheni nyingi za Ulaya hutaka 23 chini ya sifuri, Marekani 24 chini ya sifuri, na wasambazaji wa mtandaoni kila mmoja ana yake, hivyo uliza kabla. Kisha isikilize kwenye hedifoni, kwenye spika za kawaida, na kwenye simu. Simu haitoi besi karibu yoyote. Kama tishio la sini yako limejengwa kwa mrindimo wa hezi 50, mtazamaji wa simu hakuna anachokisikia, na itabidi uongeze tabaka la masafa ya juu kidogo linalofuata mrindimo huo.

Hifadhi mazungumzo, muziki, na milio pamoja na foli kama mafaili matatu tofauti yenye urefu mmoja. Siku filamu ikitakiwa kwa lugha nyingine, utatoa faili la mazungumzo na kumpa anayedabu hayo mawili mengine, naye atakuta nyayo, maji na sahani vyote vimo. Kama ulitegemea nyayo zilizonaswa pamoja na maneno, zitaondoka pamoja na maneno.

Anza na sini ya mama peke yake, usiguse nyingine mpaka imesimama. Ukiifikisha mahali, nitumie mafaili hayo matatu bila picha, pamoja na maelezo mafupi ya maikrofoni uliyotumia na umbali wake kutoka kwa mwigizaji, ili nijue kama mwangwi uliopo kwenye maneno yake tunaweza kuishi nao au inabidi aitwe kurudia.